Nichague vifungio gani vya skii za kupandia mlima, ilhali goti langu liliwahi kuumia?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Innsbruck, Austria. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Arusha, na kwa miaka sita sasa ninafanya kazi ya maabara katika mji huu uliozungukwa na milima. Nilijifunza kuteleza kwa skii nikiwa mtu mzima, kwa hiyo sijioni kuwa bingwa, ila njia nyekundu za kwenye vituo vya lifti, yaani za ugumu wa kati, ninazishuka bila hofu, na nyeusi, zilizo ngumu zaidi, ninazishuka polepole theluji inapokuwa nzuri. Kila msimu ninanunua tikiti ya lifti ya majira yote ya baridi, na ninazo skii zangu za njia zilizosawazishwa pamoja na mabuti ya kawaida ya mteremko.

Wenzangu wa kazini wamenialika kuanza kupanda mlima kwa skii bila lifti, yaani kubandika chini ya skii ngozi, mikanda inayozizuia kuteleza kurudi nyuma, kupanda kwa miguu saa mbili au tatu, kisha kuzibandua na kushuka kwenye theluji ambayo haijapitiwa na mashine. Wao huenda sana bonde la Sellrain, na ndoto yangu ni kufika kilele cha Lampsenspitze kutokea kijiji cha Praxmar kabla majira haya ya baridi hayajaisha. Nimefurahi kualikwa, lakini nimekwama kwenye vifungio vinavyoshika buti kwenye skii, kwa kuwa kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mwenzangu mmoja ananiuzia kwa bei ndogo skii zake za zamani zenye vifungio vya fremu, na anasema nitaweza kuzitumia na mabuti niliyonayo. Wa pili anasema hayo ni mambo ya kale, ninunue vifungio vya pini vyepesi kabisa vya gramu mia tatu hivi, visivyo na breki, kwa sababu kwenye kupanda kila gramu ina gharama yake. Wa tatu ananishauri ninunue vifungio mseto, ambavyo hupanda kwa pini na kushuka kama vya kawaida, ili nibaki na skii moja ya kila kitu. Huyo wa pili ameongeza kwamba vifungio vya pini vikianza kufunguka vyenyewe wakati wa kushuka, dawa yake ni kuuvuta juu wenzo wa mbele na kuufunga kabisa. Hilo limenitia wasiwasi, kwa kuwa majira ya baridi yaliyopita nilianguka kwenye njia ya kawaida na kano za ndani za goti langu la kushoto zikavutika. Daktari wa viungo ameniruhusu kurudi kwenye theluji, ila sitaki kabisa kurudi kwake.

Nina uzito wa kilo 62 na urefu wa sentimita 168. Fedha niliyotenga ni euro 1,200 kwa kila kitu. Nifanye nini?

Wako msomaji,
Dada wa Innsbruck

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Ahsante kwa barua iliyoeleza mambo kwa ukamilifu, kwa sababu umri, uzito, urefu, kiwango chako cha kuteleza na habari za goti lako ndivyo vitu ambavyo fundi wa duka angekuuliza kabla hajashika bisibisi. Umeuliza kuhusu vifungio, lakini uamuzi wako unaanzia kwenye mabuti, na ukishalitatua hilo, sehemu kubwa ya mabishano ya wenzako itajimaliza yenyewe.

Vifungio vya pini, na vifungio mseto vinapokuwa katika hali ya kupanda, havishiki ukingo wa soli kama vinavyofanya vifungio vya kawaida. Vinashika vitundu viwili vya chuma vilivyopachikwa pande mbili za ncha ya buti, na kwenye vya pini kuna pia kipande cha chuma chenye mifereji nyuma ya kisigino. Mabuti ya kawaida ya mteremko, kama unavyoyaeleza yako, hayana vitundu hivyo, na kwa kawaida havitobolewi baadaye. Kwa hiyo kati ya njia tatu ulizopewa, mbili zinakudai mabuti mapya hata kama hukuambiwa, na ile ya fremu ndiyo pekee inayokubali mabuti uliyonayo. Hapo ndipo ulipo mvuto wake wote, na bei yake ndogo inaweza kukudanganya.

Kifungio cha fremu ni kifungio cha kawaida kilichopandishwa juu ya reli inayoinuka pamoja na kisigino. Wakati wa kushuka reli hiyo hufungwa kwenye skii, na buti hushikwa na kuachiwa karibu sawa na kwenye njia za lifti. Tatizo liko kwenye kupanda. Jozi ya vifungio vya namna hiyo huwa na uzito wa takriban kilo mbili na nusu, na mhimili wake uko mbele ya vidole, kwa hiyo kila hatua unainua kisigino, buti na reli nzima kwa pamoja, tena kwa mwendo usiolingana na mwendo wa asili wa mguu. Kutoka Praxmar, kwenye mita 1,689, hadi kilele cha Lampsenspitze, kwenye mita 2,875, utapanda karibu mita 1,190. Tuseme kila hatua inakuinua sentimita 20: hizo ni hatua karibu 6,000, yaani 3,000 kwa kila mguu, na katika kila moja ya hizo 3,000 utabeba zaidi ya nusu kilo ambayo mwenye vifungio vya pini haibebi. Tena mabuti yako ya mteremko hayana sehemu ya kulegeza kifundo cha mguu kwa ajili ya kutembea, kwa hiyo utapanda saa tatu shini ikiwa imeegemezwa mbele. Mwanafunzi mwenye nguvu anayetaka kuonja mara moja tu anaweza kuvumilia. Wewe unataka mchezo wa kudumu, unatoka kwenye jeraha, na utateremka ukiwa umechoka, na goti lililochoka ndilo linaloumia. Mshukuru mwenzako, lakini usizinunue, hasa kwa kuwa plastiki na springi za vifungio vya zamani huchakaa bila kuonekana kwa macho, na mafundi wengi wa maduka hukataa kurekebisha modeli ambazo mtengenezaji hazitambui tena.

Inafaa ujue jinsi vifungio vya pini vilivyopatikana, kwa kuwa vilizaliwa katika mkoa huohuo unaoishi. Katika miaka ya 1980 Fritz Barthel, mtu wa Tirol, alichoshwa na uzito wa vifaa vya wakati ule alipopanda Mont Blanc. Akatambua kwamba buti la plastiki ni gumu kiasi cha kutosha kuwa lenyewe sehemu ya kifungio, kwa hiyo reli inayounganisha mbele na nyuma haihitajiki. Badala yake aliweka mbele mabawa mawili madogo yenye pini yanayobana ncha ya buti kwa nguvu ya springi, na nyuma mnara mdogo wenye pini mbili zinazoingia kwenye kisigino. Kampuni ya Dynafit ikauchukua uvumbuzi huo na kuuingiza sokoni, na haki za hataza zilipokwisha muda wake, watengenezaji wengine wa Italia, Ufaransa, Uswisi na Ujerumani wakaingia kwa wingi. Unapopanda, mnara wa nyuma unageuzwa pembeni, mguu unazunguka kwenye pini za mbele karibu kabisa na vidole, na skii yenyewe inaburuzwa juu ya theluji bila kuinuliwa. Hapo ndipo wepesi wake ulipo, kuliko hata kwenye gramu zinazoandikwa kwenye boksi. Utauhisi zaidi unapogeuza skii moja moja kwenye kona kali za mlima, kwa sababu mhimili ulio karibu na vidole huuacha mkia wa skii ushuke wenyewe unapotupa kisigino.

Wepesi huo una gharama, na gharama hiyo inahusu goti lako moja kwa moja, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kazi ya kifungio ni mbili zinazopingana: kulishika buti wakati nguvu ni za kawaida, na kuliachia kabla nguvu hazijavunja mguu. Kwenye kifungio cha kawaida cha mteremko, msokoto wa upande huachiwa mbele, kwenye vidole, na kuanguka kwa mbele huachiwa nyuma, kwenye kisigino. Kwenye vifungio vingi vya pini yote mawili hutokea nyuma: mnara huzunguka ili kuachia msokoto, na pini zake hupanuka ili kuachia kisigino kinapovutwa juu. Aidha, vya kawaida vina mnyumbuliko mkubwa zaidi, maana yake buti linaweza kusukumwa milimita kadhaa nje ya mahali pake na kurudi bila kuachiwa. Vya pini vina mnyumbuliko mdogo, kwa hiyo kwenye theluji ngumu yenye mabonde madogo kila mtikisiko huhisiwa mguuni, na pigo kali la ghafla linaweza kuliachia buti wakati hukutaka. Ndiyo sababu sikushauri ushinde siku nzima kwenye njia za lifti zilizoganda kwa vifungio vyepesi vya pini. Havikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu kano za goti, lazima nikueleze wazi jambo ambalo wauzaji huligusa kwa haraka. Viwango vya kuachia vya vifungio, vya kawaida na vya pini, vilipangwa kwa kuangalia nguvu inayovunja mfupa wa mguu wa chini, ambao zamani ulivunjika sana kwenye mchezo huu. Hakuna kifungio cha kupandia mlima kinachoweza kukuahidi kwamba kano za goti zitakuwa salama. Atakayekuambia kwamba modeli fulani italilinda goti lako anakuambia zaidi ya anachokijua. Kilicho mikononi mwako ni kuchagua kifungio ambacho kuachia kwake kunaweza kurekebishwa kwa upande na kwa juu kila kimoja peke yake, kilichothibitishwa kwa kiwango cha kimataifa cha vifungio vya kupandia, yaani ISO 13992, kisha kukirekebisha kwa nambari ya nguvu ya kuachia inayokufaa wewe na kukipima kwa mashine.

Sasa nirudi kwa ushauri wa kuufunga wenzo wa mbele wakati wa kushuka. Usiufuate. Wenzo ule una nafasi ya kutembea kwa sababu wakati wa kupanda hutaki mabawa ya mbele yafunguke kila unapokanyaga pembeni. Lakini msokoto unapotokea kwenye kushuka, mnara wa nyuma unazunguka na buti linageuka, na ili litoke ni lazima mabawa ya mbele yapanuke. Ukiyafunga, nguvu inayohitajika kukuachia inapanda mno kupita nambari uliyowekewa, na katika maanguko mengi kifungio hakitakuachia kabisa. Fikiria hilo kwa goti ambalo kano zake zimekwisha kuvutika mara moja. Fikiria pia poromoko la theluji: skii zisizotoka miguuni hugeuka nanga, zinakuvuta chini wakati theluji inasogea. Wako wapanda milima hodari ambao huufunga kwa makusudi kwenye miteremko mikali mno, ambako kupoteza skii moja ni sawa na kuporomoka hadi bondeni, nao hupima hatari moja dhidi ya nyingine wakijua wanachofanya. Lampsenspitze kwa njia yake ya kawaida si mahali pa namna hiyo.

Iwapo kifungio cha pini kinafunguka chenyewe, mara nyingi sababu ni theluji au barafu. Theluji ikijaa chini ya mabawa ya mbele, springi haziwezi kufunga hadi mwisho ingawa kwa macho yanaonekana yamefunga, na barafu ikijaa kwenye vitundu vya buti, pini haziingii hadi ndani. Kabla ya kushuka, safisha chini ya mabawa kwa ncha ya fimbo, kwangua vitundu, ingiza ncha ya buti, kisha zungusha kisigino juu na chini mara kadhaa ili pini zitoe barafu iliyobaki, ndipo ukanyage nyuma. Sababu nyingine ni nafasi kati ya kisigino cha buti na mnara kutokuwa sahihi. Modeli nyingi zinataka pengo la milimita chache, ambalo fundi hulipima kwa kipimo maalumu cha mtengenezaji, na nyingine zinataka kisigino kiguse. Kosa dogo hapo hubadilisha kuachia kote. Na kama vyote viko sawa na bado kinafunguka, basi nambari iko chini mno au kifungio hakifai kwa namna unavyoteleza, na mahali pa kulitatua hilo ni kwenye meza ya fundi.

Nambari yenyewe huhesabiwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina ya mtelezaji, kuanzia mwenye tahadhari hadi mwenye kasi na nguvu. Kwa vipimo vyako sitashangaa ikitoka mahali fulani kati ya 4 na 6, lakini fundi ndiye atakayeihesabu akiwa na buti lako mkononi. Ninakutajia kwa sababu moja: vifungio huuzwa kwa upeo, na wanaume wenye majigambo hupenda vile vinavyofika 13 au 14. Kifungio kinachoanzia 6 kitakuweka kwenye ukingo wa chini kabisa au nje yake, na kile kinachofika 14 hakikuongezei chochote. Tafuta kile ambacho nambari yako inaangukia vizuri ndani ya upeo wake, kwa mfano kinachoanzia 4 na kuishia 10. Na ukiambiwa uchague aina ya mtelezaji, jieleze kwa ukweli uleule ulionieleza mimi, wala usijipandishe daraja mbele ya muuzaji.

Kuhusu vifungio mseto, sivipingi. Salomon walipotoa Shift mwaka 2018, watu wengi walipata kwa mara ya kwanza kifungio kinachopanda kwa pini na kushuka kwa taya za mbele na kisigino kama vya kawaida, pamoja na mnyumbuliko wake. Marker nao wana Duke PT, ambayo sehemu ya mbele hubanduliwa wakati wa kupanda. Kwa mtu mwenye skii moja tu, anayeshinda kwenye lifti siku nyingi na kupanda mara chache kwa muda mfupi, huo ni uamuzi mzuri. Hata hivyo kila kimoja kina uzito wa karibu gramu 900 au zaidi, vipande vyake vinavyosogea ni vingi, kubadilisha kutoka kupanda kwenda kushuka kunahitaji mazoezi na vidole visivyoganda, na skii inayowekewa vifungio hivyo nayo huwa pana na nzito. Wewe tayari unazo skii za lifti zenye vifungio vyake vizuri. Kununua mseto ni kulipia mara ya pili kitu ulichonacho, kisha kukibeba hadi kileleni.

Iko pia njia ya katikati ambayo wenzako hawakukutajia, nayo ni ya Waswisi wa Fritschi. Vifungio vyao vya Vipec na Tecton vina pini mbele, lakini msokoto wa upande huachiwa mbele, na Tecton ina kisigino kinachofanana zaidi na cha mteremko. Vina uzito kuliko pini za kawaida na ni vyepesi kuliko mseto. Kwa mtu mwenye historia kama yako ningeviangalia kwa makini, mradi nambari yako iangukie vizuri ndani ya upeo wa modeli utakayoonyeshwa. Dynafit nao wana modeli zenye kichwa cha mbele kinachozunguka kidogo, zilizothibitishwa kwa kiwango nilichokitaja. Mojawapo ya hivi, chenye uzito wa gramu 500 hadi 650 na chenye breki, ndicho ninachokushauri. Vile vya gramu 300 visivyo na breki waachie wanaokimbia mashindano au wanaopanda mita 2,000 kwa siku. Kwako gramu 250 za ziada kwa kila mguu zitanunua marekebisho kamili, breki na kisigino imara, na mazoezi ya mwezi mmoja yatazifidia.

Breki ninazitaka kwa sababu skii iliyotoka mguuni bila breki huteremka peke yake, na inaweza kumuua mtu aliye chini. Wanaotumia kamba badala ya breki wana sababu zao, hasa kwenye barafu za milimani ambako skii ikidondoka ufani hairudi, lakini kamba isiyokatika inaifunga skii kwako ndani ya poromoko. Hakikisha upana wa breki unazidi upana wa katikati ya skii kwa milimita chache tu: skii ya milimita 86 inachukua breki ya 90 au 95, wala si ya 110, ambayo mikono yake itakwaruza theluji kwenye kila kona.

Sasa mabuti, ambako ningeweka fedha nyingi kuliko kwingine. Usinunue buti jepesi la kupandia peke yake ukadhani litaingia pia kwenye skii zako za lifti. Soli ya mpira ya buti la kupandia, iliyopinda mbele, hailingani na vifungio vya kawaida vya mteremko, na hata pale unapofanikiwa kuliingiza kwa nguvu, kuachia hakutakuwa sahihi. Tafuta buti lenye vitundu vya pini, lenye sehemu ya kutembea inayolegeza kifundo, na lenye soli ya aina ya GripWalk, ambayo ni ya kutembelea lakini huingia pia kwenye vifungio vya mteremko vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Kisha angalia vifungio vya skii zako za lifti: vikiwa na alama ya GripWalk, buti hilo moja litatumika kote kuwili baada ya fundi kuvirekebisha, na mabuti yako ya sasa unaweza kuyauza. Visipokuwa na alama hiyo, baki na mabuti yako ya sasa kwa ajili ya lifti, na buti jipya liwe la kupandia tu. Uzito wa kilo moja na nusu hivi kwa buti ni wa kawaida kwa aina hii. Lijaribu jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ukiwa na soksi moja nyembamba, na ukae nalo dukani nusu saa ukitembea na kupanda ngazi. Muuzaji mwema hatakukaripia.

Ukijumlisha buti, vifungio, skii na ngozi vyote vikiwa vipya, euro 1,200 hazitatosha, na bado hujanunua kifaa cha kutafutia mtu aliyefukiwa, fimbo ya kuchomea theluji na koleo, vitu vitatu ambavyo hupaswi kuondoka Praxmar bila kuwa navyo na bila kufundishwa kuvitumia. Kwa hiyo gawanya manunuzi. Sasa hivi nunua mabuti peke yake. Skii zenye vifungio vya pini na ngozi, pamoja na vile vifaa vitatu, vikodi mjini Innsbruck kwa safari zako za mwanzo, na uombe kila mara modeli tofauti ili miguu yako ijue unachokisoma kwenye karatasi. Kila unapokodi, hakikisha wameandika nambari yako na wamerekebisha kwa buti lako, kwa kuwa urefu wa soli hubadilika kutoka buti hadi buti. Kuanzia mwezi wa tatu maduka huanza kupunguza bei, na hapo utanunua vifungio ulivyokwisha kuvijaribu, vifungwe na duka lenye mashine ya kupima kuachia, na uombe karatasi ya matokeo. Rudisha skii zipimwe kila mwanzo wa msimu.

Safari ya kwanza kabisa usiifanyie Sellrain. Karibu na Innsbruck vipo vituo vya lifti ambavyo hutenga njia na jioni maalumu kwa wanaopanda kwa ngozi, na hapo unaweza kupanda ukingoni mwa njia iliyosawazishwa, ukazoea kugeuza mnara wa nyuma, kuinua na kushusha vikanyagio vinavyoinua kisigino kwenye mwinuko mkali, na kubandua ngozi bila haraka. Rudia mpaka mikono ikumbuke yenyewe. Siku ya Lampsenspitze, soma asubuhi taarifa ya hatari ya maporomoko inayotolewa kwa pamoja kwa ajili ya Tirol, Tirol Kusini na Trentino, yenye ngazi tano. Ikiwa ngazi ya tatu au zaidi imetangazwa kwenye urefu mtakaopita, na hakuna kati yenu mwenye ujuzi wa kweli wa kuisoma miteremko, chagueni mlima mwingine au siku nyingine. Namba ya waokoaji wa milimani nchini Austria ni 140, iweke kwenye simu.

Na siku hiyo mtakaposimama kileleni mkijiandaa kushuka, mwenzako wa pili akikuambia tena uufunge wenzo wa mbele, mwombe asubiri kidogo, safisha pini zako kama nilivyokueleza, hakikisha wenzo uko kwenye nafasi ya kushukia, kisha shuka wa kati katika kundi, wala si wa mwisho, ili ukianguka yuko mtu juu yako wa kukufikia.

Ndugu yako,
Mshauri